Grupu lina watu mia nne, wa kula naye sina

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 21, nasoma mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Dodoma. Nimetokea Mpanda. Naomba usiweke jina langu wala kozi ninayosoma, maana darasani wapo wanaosoma safu yako na wataanza kukisia.

Tatizo langu likisemwa linaonekana dogo. Sina mtu.

Mama hupiga simu kila Jumapili. Akiniuliza, "Umeshazoea huko?" namjibu nimezoea. Nyumbani mimi ndiye wa kwanza kufika chuo. Siku naondoka majirani walinisindikiza hadi stendi na mchungaji akaniombea mbele ya basi. Sasa nitaanzaje kumwambia mama kwamba tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi sijaongea na mtu, ukiacha kumwambia mama ntilie "wali maharage"?

Chumbani tuko wanne. Wenzangu watatu walisoma advance shule moja, utani wao wote una majina ya walimu nisiowajua. Si watu wabaya. Wiki za mwanzo walisema tuchange hela ya mchele na mafuta tuwe tunapika pamoja. Bumu, hela ya mkopo wa kujikimu, lilikuwa halijatoka, nikawaambia mimi huwa nakula nje. Hawakuuliza tena. Siku hizi wakianza kupika naziba masikio na muziki, nageukia ukutani.

Kafteria naenda saa tisa watu wakishapungua, nisionekane nimekaa peke yangu. Nikikuta bado kumejaa najifanya napokea simu, natoka.

Mwezi wa kumi na mbili nilisimama kwenye semina kuwasilisha kazi ya kikundi, Kiingereza kikanikatikia katikati. Watu wakacheka. Tangu hapo nakaa nyuma. Kazi za kikundi naandika sehemu yangu usiku, namtumia kiongozi kwa WhatsApp, wakikutana siendi.

Kinachonishangaza, sikuwahi kuwa hivi. Nimesoma bweni, nilikuwa na watu. JKT nilikuwa kambi ya Bulombora, tulikuwa kundi la watu wanane, tunacheka mpaka tunapewa adhabu. Sasa mmoja yuko Mbeya, mwingine Mwanza, wengine hawakupata mkopo wako nyumbani. Grupu letu limepoa, watu wanatuma picha za "asubuhi njema" basi. Grupu la darasa lina watu zaidi ya mia nne, lakini ni la ratiba na PDF.

Yupo jamaa mmoja, nadhani wa Mtwara kwa lafudhi yake. Kila Jumanne kwenye kipindi cha hesabu hukaa karibu na mimi, ananiuliza swali moja mawili. Nikimwelekeza anasema "poa mwanangu," tunaachana. Jina lake sijui, na nimeshachelewa kumuuliza. Utamuulizaje mtu jina wakati mnasalimiana tangu mwaka jana?

Muhula wa kwanza nilipata sapu moja (mtihani wa kurudia), ya stadi za mawasiliano. Usingizi unakuja alfajiri. Kuna usiku nawaza, hivi nisipoamka itachukua siku ngapi mtu ajue? Sisemi nataka kujifanyia kitu kibaya, nakuambia tu ninavyowaza. Nafikiria kuahirisha mwaka nirudi nyumbani. Nifanyeje?

Mwaka wa Kwanza, Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na ile sentensi uliyoichomeka karibu na mwisho halafu ukaifunika haraka. Mtu anayewaza usiku ni siku ngapi zitapita kabla hajajulikana kwamba hakuamka anatakiwa alitoe wazo hilo mbele ya mtu mwingine, na wiki hii, wala asisubiri UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zipite. Hapo chuoni kwenu kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Nenda na sentensi hiyohiyo uliyoniandikia mimi, maana kuandika umeshaweza, hata ukimsomea kwenye simu inatosha. Mweleze na habari ya usingizi. Usingizi ukipotea, hamu ya kula ikaisha, na vitu ulivyovipenda vikakosa ladha kwa wiki mbili na zaidi, hapo huenda kuna sonona juu ya upweke, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Wa kupima ni daktari, mimi siwezi kupima kwa barua. Na usiku ambao wazo litabadilika, ukaanza kuwaza namna ya kufanya, usibaki peke yako hata dakika kumi. Mwamshe mwenzako yeyote chumbani, mwambie "siko sawa, nisindikize," muende zahanati ya chuo au hospitali iliyo karibu. Hutahitaji kueleza zaidi ya hapo.

Najua Dodoma mtu akigusa mambo ya akili utani wa kwanza ni "utapelekwa Mirembe." Mirembe ni hospitali kama hospitali nyingine, watu wanatibiwa wanarudi makazini. Na kwa mshauri wa wanafunzi hakuna gari linalokusubiri nje. Kuna kiti na mtu wa kukusikiliza.

Sasa tuje kwenye upweke wenyewe. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa mlezi wa hosteli za wanafunzi kwa miaka mingi, na barua yako ningeweza kuikisia kabla sijaifungua. Wanaoumia hivi mwaka wa kwanza mara nyingi si wale waliokuwa wapweke tangu utotoni, hao wana mbinu zao. Wanaoumia ni wale waliotoka bweni na JKT wakiwa na makundi. Nyie mnadhani urafiki ni kitu mlichokuwa nacho ndani yenu, na sasa kimeisha. Lakini hebu kumbuka huo urafiki ulipatikanaje. Bweni kengele iligonga, mkaamka wote. Mkapanga foleni ya uji pamoja, mkaadhibiwa pamoja. Bulombora hukuwahi kumwalika mtu popote, afande ndiye aliyekualika, tena kwa kelele. Chuo kimekuondolea kengele na afande siku moja, na hakuna aliyekwambia kwamba kuanzia sasa ratiba ya kukutana na watu unaipanga mwenyewe.

Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, Jeffrey Hall, aliandika mwaka 2018 kuhusu muda unaohitajika mpaka watu wawe marafiki. Aliangalia watu wazima waliohamia mji mgeni, na pia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama wewe. Akakuta kwamba inahitajika kama saa 50 za kuwa pamoja mtu atoke kwenye kujuana tu hadi kuwa rafiki wa kawaida, kama saa 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 awe wa karibu. Muda wa kukaa bila shughuli, kula, kucheza na kupiga soga ulikuwa na uzito kuliko muda wa kufanya kazi pamoja. Chukua hesabu hizo, maana hesabu unaziweza. Bulombora mlikuwa macho pamoja saa 16 kwa siku, saa 200 ziliisha kabla ya wiki mbili. Na huyo jamaa wa Mtwara, kwa dakika 10 kila Jumanne, mtafika saa 50 baada ya wiki 300. Mtakuwa mmeshahitimu, ameshaoa, na jina lake bado hujui.

Kwa hiyo usinitafutie rafiki. Nitafutie saa.

Tuanze na huyo huyo, kwa sababu hapo kazi nusu imeshafanyika na aliyeifanya ni yeye. Darasa la watu 400 lina viti vingi, lakini kila Jumanne anakuja kukaa karibu na wewe. Unadhani ni kwa ajili ya hesabu peke yake? Huenda na yeye yuko kwenye chumba cha watu wanaojuana. Jumanne hii kipindi kikiisha mwambie, "Kaka, tumesalimiana mwaka mzima na jina lako sijalishika, mimi naitwa fulani." Atacheka, na huenda la kwako pia halijui. Kisha usimwache aondoke na "poa mwanangu." Mwambie, "Maswali yale ya karatasi ya mwisho nayafanya kesho saa kumi pale kwenye vimbweta vya kusomea nje, njoo tuyamalize." Taja siku, saa na mahali. "Tutafutane" ya wanafunzi wa vyuo nimeisikia mara nyingi, sijaona ikimfikisha mtu popote. Akija, msimalizie kwenye maswali. Mkimaliza mwende mkale, hata kama ni chapati na chai. Jumatano inayofuata mrudie hapohapo.

Halafu chumbani. Sehemu hii uliipita haraka, na mimi naona ndipo kidonda kilipo. Wenzako walikukaribisha kwenye sufuria wiki za mwanzo. Ulikataa kwa sababu bumu lilikuwa halijatoka, ila ulichowaambia ni kwamba unakula nje. Wao walisikia kijana mwenye hela zake asiyetaka wali wao. Miezi yote hii umekuwa ukiwaona wamekutenga, na wao huenda wanakuona unajisikia. Haya mambo ya hela yanavunja urafiki mwingi vyuoni kuliko ugomvi, kwa sababu mtu mwenye aibu ya hela huwa hasemi "sina," husema "sitaki."

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2018, wa Erica Boothby na wenzake, uliokuta kwamba watu wakishazungumza na mtu mgeni, kila mmoja huondoka akidhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Waliwaangalia pia wanafunzi wanaoishi pamoja chuoni, na kosa hilo la kujipunguzia liliendelea kwa miezi. Yaani unaweza kulala hatua tatu kutoka kwa mtu, muhula mzima, ukiwa umekosea hesabu ya anavyokuchukulia.

Basi leo au kesho wakianza kupika, toa huo muziki masikioni. Usifanye hotuba. Sema, "Jamani, mwanzo nilikataa kuchanga kwa sababu nilikuwa sina kitu. Na sasa sina nyingi, ila naweza kuleta dagaa na kuosha vyombo." Dagaa wa Kigoma, kama una ndugu wa kukutumia, wataukomesha mjadala wote. (Ndiyo, najua kupika vyumbani kumekatazwa. Nilikuwa mlezi wa hosteli, harufu ya vitunguu naijua, na zipo jioni nilizopita korido ile bila kunusa kitu.) Utani wao wa walimu wa shule yao usikutishe, uliza: "Huyo mwalimu mnayemsema alifanyaje?" Hakuna kitu kinachompendeza mtu kama kupata msikilizaji mpya wa hadithi ambayo wenzake wameshaichoka.

Sitakwambia kwamba lazima watakuwa marafiki zako. Inawezekana watabaki wenzako wa chumba wenye heshima, basi. Lakini kula na watu watatu jioni ni tofauti kabisa na kula saa tisa ukitazama mlango.

Hiyo kafteria ya saa tisa nayo iache. Nakuelewa, ila inakuhakikishia kwamba hutakutana na mtu. Nenda saa saba pamoja na wengine, ukae meza yenye mtu mmoja, useme "habari, pana mtu hapa?" Asipoongea, kula, ondoka. Hakuna aliyekuwa anakuhesabu. Wengi pale wanaangalia simu zao kwa sababu ileile unayoishikia wewe ya kwako.

Kuhusu Kiingereza chako kilichokatika. Waliocheka wengi wao walicheka kwa kuwa hawakuwa wao waliosimama. Nchi hii tunasoma msingi kwa Kiswahili, sekondari tunageuziwa, halafu tukifika chuo tunajifanya wote tulizaliwa London. Mwenzako anayetoa sentensi ndefu kwenye semina, msikilize vizuri, mara nyingi amezikariri. Kukimbia vikao vya kikundi ndiko kunakokugharimu. Kikundi cha watu saba, wanaokutana kila wiki kwa sababu wamelazimishwa, ndicho kitu pekee hapo chuoni kinachofanana na ile kengele yako ya zamani, na wewe unaihudhuria kwa WhatsApp. Nenda kikao kijacho. Wanaongea Kiswahili mle, unajua mwenyewe. Jitolee kufanya majedwali na hesabu, mwingine awasilishe. Ukishazoea sura, muhula ujao omba dakika mbili za kusimama. Na hiyo sapu ya mawasiliano utaifanya vizuri zaidi ukiwa umejiandaa na watu kuliko ukutani.

Nje ya darasa chagua kitu kimoja. Kwaya, jumuiya ya dini yako, timu ya mpira, umoja wa wanafunzi wanaotoka mkoa wako kama upo, chochote. Sharti langu ni kwamba kiwe kinakutana kila wiki, siku ileile, na kiwe kina kazi ya mikono. Kwenye sherehe ya watu 300 utasimama pembeni na soda, utarudi umechoka kuliko ulivyoenda. Lakini mtu aliyepewa kazi ya kupanga viti kabla ya ibada au kubeba mipira ana sababu ya kuwa pale, na ana mtu wa kuongea naye kuhusu viti. Mara tatu za kwanza utajiona umepotea. Usihukumu kabla ya mwezi kupita.

Jihadhari pia. Mpweke ananusika. Vyuoni kuna wanaowawinda wa mwaka wa kwanza, wanakupenda ghafla, wanakuita "boss," wanakualika kwenye semina ya "fursa," na mwisho wa siku bumu lako limeingia kwenye biashara ya mtandao na umetumwa ukawaingize wengine. Kuna wa mikeka ya kubeti, ambao watakupa kampani nzuri kila wikendi mpaka hela iishe. Na kuna vikundi vya maombi vinavyokutaka uwakate watu wengine wote. Rafiki wa kweli hana haraka na wewe namna hiyo. Wala usikimbilie kutafuta mchumba akuzibie pengo hili, utamtwika binti wa watu mzigo wa kuwa mama, rafiki, grupu na mshauri kwa wakati mmoja, akichoka mtaumia wote wawili.

Wale wanane wa Bulombora usiwaache. Grupu likipoa, acha grupu, mtafute mmojammoja. Mtumie yule wa Mbeya sauti ya dakika moja umweleze kwamba chuo kimekushinda kuzoea. Na wale waliokosa mkopo wako nyumbani, unafikiri wao wana kundi? Huenda wanaona picha za chuo chako na kudhani unaponda raha.

Mama naye umwambie, walau nusu. Si lazima umwambie mawazo ya usiku kwa simu ya Jumapili, hayo mpelekee mshauri kwanza. Mwambie tu, "Mama, watu bado sijawazoea." Majirani waliokusindikiza stendi hawakukusindikiza ili ufurahi, walikusindikiza kwa sababu walijua unakwenda kugumu.

Kuahirisha mwaka sikukatazi. Daktari au mshauri akiona unaumwa, kuahirisha ni haki yako na hakuna aibu, ila uliza mapema ofisi ya mikopo hapo chuoni mkopo wako utakaaje, usiondoke kimyakimya. Lakini kama sababu ni upweke tu, Mpanda utakayoirudia siyo ile uliyoiacha. Rika lako limetawanyika. Utakaa sebuleni, majirani watauliza kulikoni, na mwaka ujao utarudi Dodoma kuanza na watu wageni kabisa.

Wazazi mnaosoma hapa, kijana akiwa mwaka wa kwanza mnamuuliza kama anasoma na kama hela imefika. Ongezeni swali moja: jana ulikula na nani? Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, mpigie tena katikati ya wiki. Na nyie mlioko chumba kimoja na mtu anayegeukia ukutani kila mkipika, mwiteni mara ya pili. Mara ya kwanza huenda hakuwa na hela.

La mwisho, kijana wangu, ni la mwezi wa kumi. Mwaka wa pili wengi hutoka hosteli kwenda kupanga mtaani, na najua utavutiwa na chumba cha peke yako, usiulizwe na mtu mbona umenyamaza. Usipange peke yako. Kabla hamjaondoka kwenda likizo ndefu, uwe umeshaongea na mtu mmoja, awe wa chumbani au wa kwenye vimbweta, mkubaliane geto la kuchangia, kodi na gesi nusu kwa nusu. Mazungumzo hayo yaanze kabla ya UE, kwa sababu wenye kujuana wao huwa wanayaanza mapema.